Mita Ijue Saa, Tena Ihesabu Pande Mbili

Hakuna mama mwenye kikapu asiyejua ya kuwa nyanya za alfajiri na nyanya za magharibi hazina bei moja. Mwuzaji aliyekataa kupunguza asubuhi ndiye huyo huyo awaitaye wateja jioni, kwa kuwa ajua kwamba mali isiyouzwa leo kesho haitakuwa mali. Mkulima naye ajua ya kuwa gunia la mahindi la wakati wa mavuno si gunia la mwezi wa Februari, vihenge vinapokuwa vitupu. Hii ni kanuni ya soko, na mwananchi wa Iringa haihitaji kufundishwa na mtu.

Basi ni jambo la ajabu kwamba iko bidhaa moja, iharibikayo upesi kuliko nyanya, ambayo mwananchi huuziwa kwa bei ile ile usiku na mchana, masika na kiangazi. Bidhaa hiyo ni umeme.

Umeme hauna kihenge. Maji yanaweza kungojea katika bwawa, na kiasi kidogo cha nguvu chaweza kutiwa katika betri. Lakini umeme wenyewe, mara uzalishwapo, hauna budi kutumika saa hiyo hiyo. Ukikosa mtumiaji, mtambo hupunguzwa mwendo au kuzimwa. Watumiaji wakizidi mitambo, nyumba zingine hazina budi kukaa gizani. Kwa hiyo uniti moja ya umeme saa nane za usiku, watu wanapolala, si mali sawa na uniti moja ya saa moja jioni, wakati kila nyumba imewasha taa, pasi, redio na televisheni kwa pamoja.

Leo twataka kusema neno juu ya jambo hili, kwa sababu twaona kwamba limeachwa mikononi mwa wataalamu kana kwamba halimhusu mtu wa kawaida. Lamhusu sana. Lamhusu mtu wa Mlandege kuliko lile shirika kubwa lenye wahasibu na wanasheria wake. Katika mtaa kama Mlandege wa hapa Iringa, mtu haishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi peke yake. Huishi kwa mashine. Yuko seremala na msumeno wake, mchomeleaji na mashine yake, msaga nafaka, kinyozi, mshona nguo, na mama mwenye friji ya maziwa na samaki. Hao wote hununua umeme kabla ya kununua mchele. Bei ya umeme ikiwa na haki, wao hupumua. Ikikosa haki, wao ndio wa kwanza kuumia.

Na tuitazame bei yenyewe. Kwa agizo la bei la mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa bei ya shilingi 100 kwa uniti. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mtumiaji wa kawaida, ambaye ndani yake wamo mafundi wetu hawa, aliwekewa shilingi 292. Kiwanda kinachopokea umeme wa msongo wa kati kiliwekewa shilingi 157 kwa uniti, pamoja na malipo mengine kwa kadiri ya mzigo wake mkubwa wa mwezi. Hizi zote ni bei kabla ya kodi na tozo.

Hatusemi kwamba mpango huo hauna wema. Ile bei ya shilingi 100 ni jambo la kusifiwa, kwa maana imemwezesha mnyonge kuwasha taa. Lakini katika madaraja hayo yote hakuna mahali paulizwapo: umeme huu umetumika saa ngapi? Mchomeleaji anayengoja majirani wamalize kupiga pasi ndipo aanze kazi yake hapati shukrani yoyote. Yeye na yule anayewasha mashine zake zote saa moja jioni ni sawasawa mbele ya mita.

Mtu aweza kuuliza: je, nchi ingepata faida gani kama mita ingejua saa? Na tukumbuke yaliyotupata miaka michache tu iliyopita. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 tulikuwa katika mgao. Mashine zililala, nyama ziliharibika majokofuni, na mafundi walikaa barazani wakingojea. Kisha, mwezi wa Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kazi, mvua nayo ikanyesha kwa wingi, na haikuchukua miezi mingi tukasikia kwamba baadhi ya mitambo ya maji imezimwa kwa muda kwa kuwa umeme umezidi mahitaji. Bwawa hilo lilijengwa kuzalisha megawati 2,115. Ni kazi kubwa iliyofanywa kwa fedha za wananchi. Lakini mwananchi aliyelala gizani wakati wa upungufu, na mwananchi aliyesikia habari za ziada, wote wawili walilipa bei ile ile. Upungufu haukumwambia apunguze, wala ziada haikumkaribisha atumie.

Maji yanayopita pembeni ya mtambo uliozimwa ni mali ya umma inayokwenda baharini. Kama maji hayo yangaliweza kusaga mahindi ya Ipogolo au kukoboa mpunga wa Mbarali saa saba za usiku, hata kwa nusu ya bei, Shirika lingalipata fedha ambayo vinginevyo halikuipata kabisa, na mwenye kinu angalipata nafuu.

Na tufanye hesabu ndogo. Mwenye mashine atumiaye uniti 1,000 kwa mwezi, kwa ile bei ya shilingi 292, hulipa shilingi 292,000 bila kodi wala tozo. Kama angeweza kuhamisha nusu ya kazi yake usiku, na uniti za usiku zikauzwa kwa nusu ya bei, angelipa shilingi 219,000. Shilingi 73,000 zingebaki kwake kila mwezi. Mtu wa Mlandege ajua maana ya shilingi 73,000.

Wala wazo hili si geni hata kwa wakubwa wa umeme wetu. Tangu ulipowekwa utaratibu wa wazalishaji wadogo, mwaka 2009, bei ambayo TANESCO iliwalipa wazalishaji hao waliounganishwa na gridi ilifuata majira. Kuanzia Agosti hadi Novemba, mito inapopungua, mzalishaji alilipwa asilimia 20 juu ya bei ya wastani. Miezi mingine, maji yanapokuwa mengi, alilipwa asilimia 10 chini yake. Maana yake ni kwamba Shirika lenyewe lilikwisha kukiri, kwa maandishi, ya kuwa umeme una majira. Likinunua, latazama kalenda. Likimwuzia mwananchi, kalenda yafungwa, na saa ya ukutani haitazamwi kabisa. Twauliza kwa heshima: kama wakati una thamani mlango wa nyuma, kwa nini usiwe na thamani mlango wa mbele?

Jirani zetu wamekwisha kutangulia. Uganda kwa miaka mingi imegawa siku mafungu matatu kwa wateja wa biashara na viwanda: fungu la jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa sita usiku, ndilo la bei ya juu, fungu la baada ya saa sita usiku hadi alfajiri ndilo la bei ya chini, na la mchana liko katikati. Kenya nayo, mwezi wa Desemba 2017, iliwapa wateja wake wakubwa punguzo la nusu ya bei ya uniti kwa umeme watumiao usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, ilimradi wavuke kiasi walichozoea kutumia. Mambo haya hayakufanywa Ulaya wala Marekani, bali hapa hapa, ng'ambo ya mpaka.

Hata hivyo hatupendi nchi yetu iige jambo bila kulipima. Yako mambo mawili ambayo mfanya kazi lazima ayaangalie kabla ya kupiga makofi.

La kwanza ni hili. Kuna njia mbili za kuweka bei ya saa. Njia moja ni kupunguza bei ya usiku wa manane. Njia ya pili ni kupandisha bei ya jioni. Kwa mwenye hesabu, njia hizi mbili zaweza kuonekana kuwa ndugu. Kwa mfanya kazi hazina udugu. Mfanya kazi hachagui saa ya kurudi nyumbani. Hutoka kazini jua linapokuchwa, na chakula cha watoto hupikwa hapo, na daftari la mtoto wa shule hufunguliwa hapo. Ukipandisha bei ya saa hiyo hukumfundisha kutumia umeme kwa akili. Umemtoza faini kwa sababu ana watoto. Kwa hiyo twasema waziwazi: bei ya saa ije kama punguzo la usiku, isije kama adhabu ya jioni, tena iwe hiari ya mtu, na yule mnyonge wa uniti 75 asiguswe hata kidogo.

La pili ni kwamba umeme wa usiku hautumiki wenyewe. Yuko mtu anayekesha nao. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba kazi ifanywayo kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku, na mfanyakazi wake anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa kila saa. Tajiri atakayefaidi umeme wa nusu bei, kisha akamficha mfanya kazi wake nyongeza hiyo, atakuwa amekula mara mbili. Vyama vya wafanyakazi visingoje mpaka zamu za usiku zimekwisha kuanza ndipo viseme. Vianze sasa kudai kwamba kila punguzo la umeme litakalomfikia mwajiri lionekane pia katika bahasha ya yule aliyekesha.

Na wala si kila kazi ya usiku yahitaji watu kukesha. Pampu ya mamlaka ya maji yaweza kujaza matangi ya mlimani usiku na kuwahudumia watu asubuhi. Bili ya umeme ya pampu hiyo ikipungua, sababu moja ya kupandisha bei ya maji imeondoka. Majokofu yaweza kugandisha usiku na kushikilia baridi mchana. Bajaji na pikipiki za betri zaweza kujazwa dereva alalapo. Viwanda vya chai vya Mufindi, ambavyo majani yake lazima yanyaushwe kwa feni kwa saa nyingi kabla ya kusagwa, vimezoea kazi za usiku tangu zamani. Kwa kazi za namna hii bei ya usiku ingekuwa baraka isiyomnyima mtu usingizi. Msumeno wa Mlandege ni shauri jingine: jirani naye ana haki ya kulala, na fundi mwenye busara atachagua zile kazi zisizopiga kelele.

Sasa tugeukie upande wa pili wa jambo letu, yaani umeme ambao mteja mwenyewe huuzalisha.

Nyanda za Juu Kusini si wageni wa jambo hili. Mji wa Iringa, zamani za kabla ya gridi ya taifa, ulipata umeme kutoka mtambo mdogo wa Tosamaganga, juu ya maji ya Ruaha Ndogo. Kule Njombe, kiwanda cha miwati kilijenga mtambo wa kuchoma mabaki ya miti, kikajitosheleza, na ziada yake kikaiuzia TANESCO. Kule Mwenga, wilaya ya Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 ulianza mwaka 2012, ukiuzia gridi na papo hapo ukipeleka nyaya vijijini. Mambo haya yameonyesha kwamba waya wa umeme si mto unaoteremka upande mmoja tu. Waweza kupeleka na kurudisha.

Lakini angalia ni nani aliyeruhusiwa kurudisha. Utaratibu ule wa wazalishaji wadogo wa mwaka 2009 ulianzia kilowati 100 na kwenda hadi megawati 10. Hao ndio walioitwa wadogo! Mshona nguo mwenye paneli za kilowati mbili juu ya bati lake hakuwamo katika udogo huo. Shule yenye paneli za kilowati 20 haikuwamo. Paneli zao hufanya kazi jua likiwaka. Siku ya Jumapili, au wakati wa likizo, ziada yao hupotea, kwa kuwa betri ikijaa hakuna pa kuipeleka. Na mita ya LUKU ya kawaida imewekwa ili kumwuzia mtu umeme, si ili kununua kwake.

Twaona hilo ni hasara kwa pande zote mbili, na hasa katika mkoa wetu. Mwenyezi Mungu ameyapanga majira ya hapa kwa namna ambayo mtu mwenye akili hangependa kuipoteza. Miezi ile ambayo mito hupungua, yaani Agosti hadi Novemba, ndiyo miezi ambayo anga la Iringa huwa jeupe na jua huwaka kutwa. Ruaha Kuu, ambayo maji yake huingia Mtera na kushuka mpaka Kidatu, imekuwa ikikauka sehemu fulani wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Basi jua na mto ni kama ndugu wawili wa zamu: mmoja akichoka mwingine yuko tayari. Kila uniti ya jua itumikayo mchana wa Oktoba ni maji yaliyobaki Mtera kwa ajili ya taa za jioni. Kwa nchi yenye mabawa makubwa, bwawa ndilo betri ya umma. Na mwenye paneli aliyeko Mlandege aweza kusaidia kulihifadhi.

Kwa hiyo twaunga mkono mita ihesabuyo pande mbili: umeme unaoingia na umeme unaotoka, na mwisho wa mwezi hesabu ifanywe. Lakini hapa pia twataka kusema ukweli wote, hata ule ambao wauzaji wa paneli hawaupendi.

Nani mwenye uwezo wa kuweka paneli juu ya paa? Kwanza ni yule mwenye paa. Mpangaji wa chumba kimoja hana paa. Pili ni yule mwenye fedha za kulipa zote siku ya kwanza. Sasa, bei ya uniti moja ya umeme haikulipi mtambo peke yake. Ndani yake mna nguzo, nyaya, transfoma, na mshahara wa fundi anayepanda nguzo usiku wa mvua. Mtu akirudisha uniti mchana akalipwa bei kamili, kisha akachukua uniti jioni kwa kufuta ile ya mchana, atakuwa ametumia nguzo na nyaya mara mbili na hakuzilipia hata mara moja. Gharama hiyo haipotei. Humwangukia mwingine, na huyo mwingine ni mpangaji wa chumba kimoja.

Hii si hofu ya kubuni. Huko California, Marekani, ambako nyumba zaidi ya milioni moja zilikuwa na paneli, lawama hii ilikua mpaka mwezi wa Desemba 2022 tume ya huduma za umma ikapunguza sana malipo ya umeme unaorudishwa na wateja wapya, kuanzia Aprili 2023. Watu wakagombana vikali: wenye paneli wakasema wamesalitiwa, wasio na paneli wakasema walikuwa wakiwabeba wenzao. Kenya imechukua njia ya katikati mapema. Sheria yake ya Nishati ya mwaka 2019 imemruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuingia katika mpango huo, na kanuni za mwaka 2024 zikasema kwamba atahesabiwa nusu ya uniti alizorudisha. Nusu nyingine ni ya waya, nguzo na watunzaji wake.

Sisi hatusemi kwamba nusu ndiyo kipimo kitakatifu. Twasema kwamba kanuni yake ni ya haki: arudishaye umeme alipwe, na atumiaye waya alipie waya. Malipo ya bure hayafai, na malipo kamili hayafai. Tena malipo hayo yafuate saa na majira, kama tulivyokwisha kusema: uniti ya kiangazi ilipwe zaidi ya uniti ya masika, na mtu mwenye betri akirudisha uniti jioni, wakati nchi ina njaa ya umeme, apate zaidi ya yule wa saa saba mchana.

Twaongeza neno moja. Kama paa la mnyonge halipo, yako mapaa ya umma. Shule, zahanati, soko, ghala la ushirika, na ofisi zetu wenyewe za chama, zina mabati mapana yanayoota jua bure tangu yalipoezekwa. Sheria ikiruhusu kikundi cha wapangaji au chama cha ushirika kuweka paneli juu ya paa la soko na kugawana hesabu yake katika mita zao, mpango huu utaacha kuwa starehe ya wenye nyumba na utakuwa mali ya wengi. Bila hilo, mita ya pande mbili itakuwa mlango mwingine ambao tajiri huingia na maskini huusikia tu ukifungwa.

Na usalama usisahauliwe. Umeme wa mtaa ukikatika, fundi wa Shirika hupanda nguzo akiamini kwamba waya umekufa. Kama nyumba moja chini yake ina paneli zinazoendelea kusukuma umeme njiani, waya huo haukufa, ndio utakaomwua. Yapo mashine za kubadili umeme wa jua ambazo hujizima zenyewe mara gridi inapokatika, na hizo peke yake ndizo zitakiwazo kuunganishwa. Kazi hiyo ifanywe na mafundi wenye leseni ya EWURA, ikaguliwe, na iandikwe. Atakayeunganisha kwa siri ili kuokoa shilingi chache anacheza na maisha ya mfanya kazi mwenziwe, na hatutamtetea.

Wako watakaosema kwamba mita mpya ni ghali na kwamba Shirika lina shida nyingine kubwa zaidi. Twajua shida hizo. Lakini hatukusema mita za nyumba zote zibadilishwe kesho. Na waanze wale wanaotumia umeme mwingi: vinu, karakana, pampu za maji, viwanda vya chai. Waanze kwa hiari, katika mkoa mmoja au miwili, hesabu zitazamwe baada ya mwaka, na zitangazwe hadharani. Mbeya na Iringa zina kila aina ya mteja anayehitajika kwa jaribio hilo. Zina viwanda na vinu, zina mashamba na miji, zina mito na jua.

Kuhusu kanuni, twasema kwamba karatasi iliyofungwa ofisini si haki. Kanuni ikiwapo, ibandikwe kwa Kiswahili mahali anapolipia mteja: bei ya kununua ni hii, bei ya kurudisha ni hii, fomu ni hii, na jibu litatoka baada ya siku kadha wa kadha. Fundi wa Mlandege asitumwe meza hii hadi meza ile mpaka achoke na kwenda kununua betri ya magendo.

Hatimaye twarudi kwa wasomaji wetu, wanachama na wafanya kazi. TANESCO ni mali yenu. Serikali ilinunua hisa zake tangu mwaka 1964, na kufikia mwaka 1975 Shirika lote lilikuwa mikononi mwa umma. Mtu hawezi kuwa mwenye mali na papo hapo akawa mgeni anayengojea kuambiwa bei. EWURA, kabla ya kubadili bei, huita mkutano wa hadhara na kupokea maoni. Tazameni ni nani huenda katika mikutano hiyo: wenye viwanda hupeleka wanasheria wao, wenye mahoteli hupeleka wahasibu wao, na mchomeleaji yuko kazini. Kisha bei ikitangazwa, mchomeleaji ndiye anayenung'unika kuliko wote.

Manung'uniko hayashushi bei. Tawi la chama katika mtaa, chama cha ushirika, na chama cha wafanyakazi, kila kimoja chaweza kukaa jioni moja, kuandika risiti za LUKU za wanachama wake, kuhesabu uniti, na kuuliza: katika hizi, ngapi tungeweza kuzihamisha usiku? Ngapi tungeweza kuzizalisha wenyewe? Mtu aendaye mkutanoni na karatasi ya namna hiyo mkononi hawezi kupuuzwa, kwa kuwa hakwenda kulalamika, amekwenda na hesabu.

Twataka mita ijue saa, ili msumeno na kinu vipate nafuu usiku na mnyonge asiadhibiwe jioni. Twataka mita ihesabu pande mbili, ili jua la Iringa liyasaidie maji ya Mtera, bila mpangaji kulipishwa nguzo za mwenye nyumba. Mambo haya mawili yawezekana. Yatakuja upesi zaidi kama wale wanaolipa umeme kila siku, elfu mbili leo na elfu tatu kesho, watasimama na kuyadai kwa sauti moja.